Kwa Baba Aliyetufundisha Kukana Safari

Baba yangu, mwenye mtumbwi wa bluu,

Barua hii sikuitia bahasha. Mjomba Kalunga ataibeba kwenye mtumbwi wake, na kila atakaposhusha mzigo, iwe Chisenga, Mununga, au Kilwa na Pweto kule ng'ambo ya ziwa, atamtafuta mtu anayejua kusoma aisome kwa sauti. Najua ungechukia mambo ya nyumba yako kusikilizwa na wachuuzi wa samaki. Lakini mwaka mzima sasa hatujui uliko, anwani yako sina, na aliyeninyima anwani ni wewe mwenyewe. Kwa hilo tusilaumiane.

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa hali ya afya. Basi, sisi sote tu wazima, Mama anakohoa kidogo kwa baridi hii ya mwezi wa saba, na mimi nimekasirika. Nimetafuta wa kumkasirikia hapa nyumbani nikakosa, maana kila ninayemtazama namwona ana sababu zake. Umebaki wewe.

Chanzo ni neno moja la Kihispania. Usicheke. Najua hapa Nchelenge hata Kifaransa chako cha ng'ambo kilikuwa kikifika duwani, kwa watu wa forodha, kinachoka, na Kiingereza changu nakitumia kusomea magunia ya unga. Neno lenyewe ni viajar, kusafiri. Ile j yao inatoka kooni, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Sauti yake haikunishinda. Kilichonishinda ni kulitumia, na kwa hilo nakudai maelezo.

Ulipokuwa bado nyumbani, nilikuwa nafagia tu kule zahanati ya masista. Miezi michache baada yako wakanipa kushika mizani ya watoto wachanga. Ndipo Sista Inesi, yule mzungu mwembamba wa baiskeli, akaniita pembeni. Akasema kwao Hispania shirika lao lina hospitali, na msichana anaweza kusomea ukunga pale miaka mitatu bila kulipa. Nafasi kwa pande zetu ilikuwa moja. Msichana alipaswa awe amemaliza darasa la tisa, na aweze kujieleza kwa Kihispania mbele ya mkubwa wao, wanayemwita Madre, siku atakapokuja kutoka Lusaka.

Unakumbuka kitoto chetu cha mwisho, kile kilichozaliwa kimenyamaza. Wanawake watano walikuwa chumbani na hakuna aliyejua la kufanya. Ulichimba mwenyewe kaburi lake nyuma ya nyumba, na mimi nilikushikia taa ya chemli ingawa jua lilikuwa bado halijazama, kwa sababu ulisema huoni vizuri. Tangu siku hiyo sijawahi kutaka kazi nyingine. Nilimwambia Sista Inesi ndiyo kabla hajamaliza kusema.

Basi tukawa tunasoma kila asubuhi kwenye benchi la wagonjwa, mimi na Chanda, binti wa mwalimu aliyehamishwa hapa kutoka Mansa. Sista alianza na mambo madogo: kula, kulala, kuumwa. Nilikuwa nayala kama ugali. Kisha akafika kwenye kusafiri. Akachora chaki sakafuni, Nchelenge hapa, Lusaka pale, Madrid karibu na mlango, akaniambia nitembee juu ya chaki huku nikisema, "Mañana viajo," yaani kesho nasafiri. Nikasimama juu ya Nchelenge kama mbuzi aliyefungwa. Mdomo ulifunguka, neno halikutoka.

Watu wa Kilwa wanaosomewa barua hii hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine niseme. Katika nyumba ya Baba, safari haikutajwa kabla haijafika, mchawi asije akajua pa kutega wala mtu wa duwani pa kungojea. Mafuta ya injini yalitangulia siku moja mbele, ndani ya kikapu, yamefunikwa sombe, majani ya muhogo, na mbebaji nilikuwa mimi. Baba alitoka nyumbani na kaptula ya kazi kana kwamba anakwenda kutazama nyavu. Shati zuri alilivaa majini. Mtu akikutana naye njiani akamuuliza aendako, jibu lilikuwa moja: "Siko naenda fasi." Haendi mahali popote.

Nilikuwa na miaka tisa nilipolivunja. Mama Bupe, jirani yetu, aliniuliza mbona pana harakati, nami nikajibu kwa furaha kwamba kesho Baba anavuka na chisense, dagaa wa ziwa letu. Ulikuwa nyuma ya jiko, ukasikia. Ulifungua magunia yote. Siku tatu ulikaa nyumbani unatengeneza kiti ambacho hakikuharibika, mvua ikawakuta wale dagaa wako pwani, na harufu yake ilitusalimia wiki nzima. Nilingoja fimbo. Hukunipiga. Uliniweka mbele yako ukaniambia taratibu, "Mutoto yangu, mutu akikuuliza juu ya safari, unasema hapana. Akiuliza tena, unasema hapana. Akiuliza mara ya tatu, unacheka, unaangalia pembeni, unasema uko hapa tu. Safari tutaisema tukisharudi."

Kisha ukatufanyisha mazoezi. Ulijifanya mtu wa duwani, ukakunja uso, ukauliza, "Bon, munaenda wapi?" Nasi watoto tukapanga mstari tukikana mmoja baada ya mwingine, na aliyekana vizuri alipata kipande cha muwa. Mimi nilikuwa wa kwanza kila mara. Ulikuwa mwalimu mzuri, Baba, kuliko Sista Inesi na chaki zake zote. Hilo ndilo linaloniumiza.

Sista hakujua hayo. Aliona tu msichana anayeshikwa na kigugumizi kwenye neno moja. Lililomshangaza zaidi ni kwamba safari zilizopita nilizisema bila taabu. Nilisafiri Chienge, nilisafiri Mununga, nilisafiri na baba yangu tukala samaki wa kuchoma. Akiniambia niseme kesho, ninanong'ona. Siku moja akatupa chaki chini, akasema kwa Kibemba chake cha kuokoteza, "Wewe kila mara umesharudi kabla hujaondoka." Chanda akacheka mpaka akashika mbavu. Chanda mwenyewe alikuwa anachanganya mimi na wewe na yule, lakini alikuwa anaruka juu ya ile chaki, Lusaka, Madrid, anapiga kelele kama konda anayeita abiria. Watu wa Mansa hawana ziwa la kuwafunza adabu.

Wiki tisa, Baba, kwa neno moja. Wagonjwa wa benchi walilijua kabla yangu. Mama Bupe, anayekuja kwa ajili ya goti lake, alianza kuniita hivyo sokoni: "We Viaja, hujambo?" Nilikuwa narudi nyumbani nalia kwa hasira, najifungia chumbani nafanya mazoezi ndani ya blanketi. Mwisho nikapata dawa. Nilijiambia kwamba hakuna mchawi wa Nchelenge anayejua Kihispania, kwa hiyo hata akisikia, hatajua pa kutega. Likaanza kutoka. Wiki mbili kabla ya Madre kufika nilikuwa nasema kesho nasafiri, mwezi ujao nasafiri, bila hata kutazama nyuma. Sista Inesi alinikumbatia.

Madre alifika siku ya Alhamisi, mama mnene, mpole, na miwani imefungwa kwa uzi. Kwa sababu ya joto la ndani alitaka tukae barazani. Barazani walikuwepo wagonjwa wote, na wauza samaki waliosikia kuna jambo, na Mama Bupe na goti lake, mbele kabisa. Madre aliniuliza jina, nikajibu. Aliniuliza kwa nini nataka ukunga, nikamweleza habari ya kitoto chetu, na nikaona anavua miwani. Mpaka hapo nafasi ilikuwa yangu. Hata Chanda ameniambia hivyo.

Kisha akauliza, kwa upole, nitasafiri lini. "¿Cuándo viaja usted?"

Neno lile benchi zima lilikuwa linalijua. Niliwaona wote wanainua shingo. Mama Bupe alisogea mbele, na uso wake ulikuwa uleule wa siku nilipokuwa na miaka tisa. Nikasema, "No viajo." Sisafiri.

Madre akadhani hajasikia vizuri. Akarudia swali polepole. Nikasema hapana, Madre, sisafiri. Akauliza, je, hutaki kusafiri? Nikacheka, Baba. Nikaangalia pembeni. Nikamwambia sitaki, mimi niko hapa tu. Kila neno lilikuwa mahali pake. Sista Inesi alisema baadaye kwamba tangu anifundishe hajanisikia nikisema Kihispania kizuri namna hiyo.

Nilijua nilichofanya Madre alipoandika kitu na kumwita Chanda. Chanda akaja anasema, "Viajo, viajo, mañana viajo, Madre," baraza zima likapiga makofi, na nafasi ikaenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikajipiga kofi la mdomo, kweli kabisa, mkono wangu mwenyewe.

Nilimweleza Mama jioni hiyo. Nilitarajia anionee huruma. Aliacha kupepeta unga akatabasamu, kitu ambacho sijakiona kwake tangu uondoke. "Ulijibu muzuri," akasema. "Baba yako angefurahi." Nilitoka nje nisije nikamjibu vibaya. Ni hapo, nimesimama uani, ndipo hasira yangu ilipogeuka kutoka kwangu ikaja kwako.

Sista Inesi hakukata tamaa. Nilipomweleza desturi yetu, alimwandikia Madre barua ndefu. Jibu lilikuja na gari la dawa. Madre alisema alicheka na alisikitika, na kwamba kitanda cha pili kinaweza kupatikana, mradi fomu yangu ijazwe yote kabla gari halijaja kumchukua Chanda. Fomu ina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza niliujaza kwa dakika kumi. Wa pili unaanza na wewe.

Baba wa mwombaji. Kama yupo nyumbani, atie saini. Kama amesafiri, taja alipo na tangu lini. Kama amefariki, padri athibitishe.

Nilimsomea Mama. Akasema, "Andika eko," yaani upo.

"Mama, kama eko, atie saini."

"Andika eko. Anatoka tu kidogo."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwajibu watu wote, mwaka mzima. Akiulizwa sokoni, akiulizwa kanisani, mumewe yupo, ametoka kidogo. Safari ambayo mtu hajarudi bado haijaisha, kwa hiyo alikuwa hajakubali itajwe. Hatukuwa tumekaa kilio. Hatukuwa tumekuombea. Kaptula yako ya pili ilikuwa inafuliwa kila Jumamosi pamoja na nguo zetu.

Sasa nikuulize, Baba, mbele ya watu hawa. Ile asubuhi ya kuondoka kwako tulikuwa tumemaliza uji. Ng'ambo vita vilikuwa vimeanza, wavukaji walikuwa wamepungua, na kila mtu alijua ziwa si lile la zamani. Kikapu hukunipa mimi kukibeba, sijui ulimpa nani. Nilikukuta unafunga kamba ya injini, nikakuuliza, "Baba, unaenda wapi?" Mimi, mtoto wako, tena tuko wawili tu pale pwani. Ukasema, "Siko naenda fasi. Niko naangalia tu injini." Ukacheka. Ukaangalia pembeni.

Siku ya nne tukaanza kukutafuta. Mjomba Kalunga aliuliza ulielekea upande gani, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kumjibu. Mtu mmoja alisema Chisenga. Tukaenda Chisenga. Mjomba na wenzake walizunguka kile kisiwa wiki nzima, kambi kwa kambi, wanauliza habari za mtumbwi wa bluu. Ndipo mvuvi wa Mununga akaleta kipande cha ubao alichookota kwao, chenye rangi yako. Mununga, Baba. Tulikuwa tunakutafuta kusini na wewe ulikuwa kaskazini. Kama ungeniambia neno moja tu, Mununga, tungeanza huko siku ya kwanza. Labda ungekuwa umeshikilia kitu. Labda ulikuwa kwenye matete unaita. Najaribu kutolifikiria hilo na sifanikiwi.

Uliogopa midomo ya watu. Mdomo huponza kichwa, ulisema, na sikatai. Lakini sisi hatukuwa watu, tulikuwa wako.

Hayo ndiyo niliyomwambia Mama, kwa sauti kubwa, Jumapili baada ya misa. Nilimwambia siwezi kuandika eko, kwa sababu hupo. Siwezi kuandika amesafiri, kwa sababu sijui wapi, na mwenye kujua hakusema. Nilimwambia kukana kwetu kumemla Baba na sasa kunanila mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umemaliza?" akaingia ndani, akafunga mlango. Jumatatu hakuitikia salamu yangu. Nilikwenda kazini nikijua fomu itarudi tupu.

Mchana niliporudi nilimkuta amekaa mbele ya nyumba, kwenye mkeka, mahali ambapo kila anayeshuka pwani lazima apite. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kama cha mjane. Zile nywele ulizokuwa unapenda, alizokuwa anasukwa kila Ijumaa, zilikuwa kwenye sahani kando yake. Mama Bupe alikuwa ameshika wembe, analia kimyakimya. Wanawake walikuwa wanakuja mmoja mmoja, wanakaa chini, wala hakuna aliyeuliza kitu. Walikuwa wamengoja mwaka mzima kuja kukaa hapo.

Mama aliponiona akasema, "Leta ile karatasi." Nikaileta. Akaweka kidole gumba mahali pake, akakifuta kwenye kitenge. "Andika," akasema. "Niko nakuona."

Niliandika umefariki, Baba. Wino ulivuja kidogo, lakini inasomeka. Padri akathibitisha siku iliyofuata. Tumekukalia kilio siku tatu, na watu walikuja wengi, hata wale wa duwani, kofia zao mkononi.

Sasa nisikilize. Ijumaa hii, saa mbili asubuhi, ninaondoka Nchelenge na gari la masista, mimi na Chanda. Tutapitia Mansa, tutalala kule, kisha Lusaka, kisha ndege. Nimemwambia Mama, nimemwambia Mama Bupe, nimewaambia wauza samaki wote. Ninaogopa kila nikisema, lakini ninasema, ili mtu akinitafuta ajue aanzie wapi.

Kama ulizama siku ileile, lala salama, Baba. Sina hasira ya kuzidi kifo, itapungua. Lakini kama kuna pwani ambapo mtu anasoma karatasi hii na wewe umesimama nyuma ya watu unasikiliza, usicheke na usiangalie pembeni. Mwambie Mjomba Kalunga ni wewe. Rudi unigombeze mbele ya kijiji kizima kwa kuwa nilikuua kwa kalamu, nami sitajibu neno. Na ukifika kabla ya Ijumaa saa mbili, gari lile liende na Chanda peke yake.

Ni mimi,
binti yako wa pili.